Transista Zilipokwisha Chang'ombe

Mpendwa mdogo wangu Zuhura,

Mama anakusalimu. Amekaa mlangoni anachambua mchele, na kila mara ananiuliza nimefika wapi na barua. Hajui kwamba hii ni ya tatu. Mbili nimezichana.

Unakumbuka siku yako ya kwanza kiwandani? Mie nilishakaa miaka minne kwenye meza ile ya redio, wewe hujui hata kushika chuma cha kulehemu. Ukaunguza kidole, ukakinyonya, ukacheka. Nikakufundisha kila kitu, hadi namna ya kuzipachika transista, vile vidude vya miguu mitatu vinavyoipa redio sauti, bila kuziua kwa moto. Haukupita muda ukawa unanishinda.

Halafu ule mkutano wa wafanyakazi. Maombi ya redio yalikuwa yanamiminika kutoka vijiji vya ujamaa, sote tunashangilia. Ukasimama wewe. "Ndugu Meneja, mwakani watataka nyingi zaidi. Lakini transista zinatoka nje. Wenyewe wakizihitaji, sie tutafunga milango. Kwa nini tusijifunze kuzitengeneza?" Watu wakaguna. Mie nikaona aibu kwa ajili yako. Wiki ileile Meneja akakuchagua uende Japani kujifunza.

Wivu ulinikaba, Zuhura. Siku ya safari nilisema nina homa. Sikuwa nayo. Nilijifunika kanga gubigubi, nikakusikia ukimwambia Mama, "Mwache dada apumzike."

Na ulivyosema ndivyo ilivyokuwa. Masanduku ya transista yakachelewa, kisha yakaacha kuja kabisa. Tukawa tunakaa mbele ya makasha matupu ya redio, tunafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. Meneja akaniomba nikuandikie, utuombee transista huko. Ukajibu kwamba hata kiwanda chenu cha huko Japani hakitoshelezi: watengenezaji wa televisheni na vikokotoo wako mbele kwenye foleni, na kiwanda kipya kinachojengwa kitachukua miaka. Nikasoma kwamba umeshindwa, nikafurahi. Wenzangu wanarudishwa nyumbani, mie nafurahi.

Sasa wamekupa kazi ya kudumu huko, na Meneja naye anataka urudi uanzishe karakana ndogo ya transista, uwe msimamizi wetu. Umeniuliza, "Dada, nibaki au nirudi? Utakalosema wewe ndilo." Kwa nini uliniachia mie? Barua ya kwanza niliandika: baki. Ya pili pia, kwa maneno matamu zaidi, kuhusu maisha yako na bahati isiyokuja mara mbili. Ungeisoma ungelia kwa kunishukuru.

Jana Mama Rehema wa Tabata, yule tuliyekuwa tukikaa naye mezani, alinishika mkono getini. "Mdogo wako anakuja lini? Mwambie bado hatujatafuta kazi nyingine." Nilitamani aniulize habari zangu. Hakuuliza.

Rudi, Zuhura. Labda karakana itashindwa; umeniambia huko chembe moja ya vumbi inaharibu kazi ya siku nzima, na vumbi letu unalijua. Rudi hivyo hivyo. Kazini nitakuita Ndugu Msimamizi, na jioni nitanuna. Siahidi kwamba wivu utaniisha. Lakini afadhali nikuonee wivu ukiwa umekaa hapa, kuliko kukukosa nikijua ni mie niliyekufungia mlango.

Naipeleka posta sasa hivi, kabla sijaichana na hii.

Dada yako