Mkono wa Baba Mutheu

Shiru dadangu,

Huku Matiliku, kwa kina rafiki yangu Mutheu, jua ni kali, lakini hii muthokoi ya mahindi ya kukobolewa na mbaazi imeninenepesha, usinicheke.

Jana tulikula na baba yake Mutheu, yule mzee wa kanisa ambaye mkono wake hutetemeka siku hizi. Daktari alimwambia ng'ambo wanajaribu kutibu ugonjwa huo wa kutetemeka kwa kupandikiza chembe za ubongo kutoka kwa mimba zilizoharibika. Mzee hataki kusikia. "Huyo mtoto aliulizwa na nani?"

Mutheu, ambaye mimba yake ya pili iliharibika mwaka jana, akaweka kijiko chini. "Wangu ningekubali akusaidie, baba. Alikuwa mvulana wangu wa pili. Na wa pili hupewa jina la baba ya mama, jina lako."

Ni kama kwetu, Shiru: mtoto aliyepewa jina lako ni wewe mwenyewe. Mzee alinyanyua kikombe chake, uso umekunjamana, nikadhani amekasirika. Kisha akacheka, chai ikamwagikia sahani. "Basi wa kuulizwa ni mimi," akasema. "Na singejinyima."

Nibusie Nyambura wako mdogo, na mama yetu, Nyambura mkubwa. Tangu jana naona hilo ni busu moja.

Njeri