Nimefumua Kitambaa cha Mama

Jumapili, baada ya magharibi.

Joto la leo halisemeki. Umeme umekatika tangu adhuhuri, feni zimenyamaza, na mtaa mzima umetoka kukaa barazani kutafuta upepo. Mimi nimebaki ndani. Ncha ya kidole changu cha shahada imevimba kidogo, na macho yananiwasha kwa kulia.

Leo nimemwambia mama yangu ukweli ambao nilimficha kwa miezi miwili. Nataka niuandike kabla sijaanza kujipamba kwa maneno.

Basi nianze na uongo wenyewe.

Kila siku nikitoka kazini hurudi nyumbani Mkunazini, nikabadilisha viatu, nikamwambia Mama nnakwenda Forodhani kutembea kwa ajili ya presha. Mama huniombea dua. Wiki iliyopita aliniuliza, kwa upole wake, imekuwaje natembea kiasi hicho na ngazi za nyumbani bado nazipanda nikihema. Nilijifanya sikusikia. Forodhani sijafika hata siku moja. Nilikuwa Hurumzi, ghorofani kwa Bi Hansa, nnajifunza kufuma kwa kroshia, ile sindano fupi yenye ncha iliyopinda kama ndoana.

Nina miaka thelathini na minane, karani wa ofisi, na nilikuwa najificha kama mtoto aliyeiba sukari.

Sababu ni ya zamani. Mama alikuwa mfumaji, tena si mfumaji wa kubahatisha. Vitambaa vyake vyeupe vilifunika meza, viti, redio na televisheni za nusu ya mtaa huu, na bibi harusi wengi wameolewa na seti ya Mama sandukuni. Mdogo wangu Nassra, ambaye sasa anaishi na mumewe Maskati, alifundishwa akiwa na miaka saba. Mimi nilikuwa na tisa. Nilikaa mkekani pembeni yao nikaomba na mimi nifundishwe. Mama akanipa kroshia na uzi, akanitazama siku tatu, kisha akaichukua ile kroshia mkononi mwangu.

"Mkono wako huo hauwezi hii kazi, Raya," alisema.

Mimi ni mashoto. Kula nimefunzwa kwa mkono wa kulia, na kwa hilo sina kinyongo. Kuandika nako nililazimishwa kwa kulia, na wenzangu ofisini mpaka leo huniuliza hapa umeandika nini. Lakini kisu, ufagio, chanuo na ufunguo, mkono wangu wa kushoto huvichukua wenyewe bila ya kuniuliza. Kwa hiyo Mama aliposema hauwezi, nilimwamini. Nani angejua zaidi yake?

Sikugusa uzi tena kwa miaka ishirini na tisa.

Kilichonirudisha ni macho ya Mama. Yalianza kufifia mwaka juzi. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, dawa ni ya kulinda kilichobaki. Kilichobaki ni mwanga wa dirisha na vivuli vya watu. Wakati huo alikuwa katikati ya kitambaa kikubwa cha duara, cha meza. Hakikuwa cha mtu. Alisema safari hii anajifumia mwenyewe.

Siku moja nilirudi mapema nikamkuta sebuleni na kile kitambaa mapajani. Alikuwa akitafuta tundu kwa kidole, anaingiza kroshia, anavuta uzi, kisha anapapasa alichofanya na kukifumua. Akafanya hivyo tena. Na tena. Hakuniona nimesimama mlangoni. Hakulia wala hakulalamika, alifumua tu, akavikunja vyote akavirudisha kikapuni.

Nikasema moyoni, nitajifunza, nitakimaliza mimi.

Ilikuwa niya njema. Naiandika hapa kwa sababu niya njema ndiyo iliyoniponza.

Nilianza na video za mtandaoni. Wafumaji wote ni wa mkono wa kulia, na mikono yao inakwenda mbio kama ya watu waliochelewa. Nikagundua nikiielekeza simu kwenye kioo cha kabati, mkono wa kulia unageuka kushoto. Basi ndivyo nilivyojifunza kitanzi cha kwanza, nimekaa kitandani, simu imeegeshwa kwenye mto, mimi nakitazama kioo, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Vitanzi vyangu vilikuwa vimekaza hata kroshia haipiti. Nilikuwa nauvuta uzi kana kwamba utanikimbia.

Bi Hansa nilimpata kwa bahati. Ni mjane wa Kihindi, mtu mzima, yeye na marehemu mumewe walikuwa na duka la vitambaa pale pale chini ya nyumba yao. Siku hiyo nilikuwa napita, naye amekaa mlangoni anafuma kofia ya mtoto mchanga. Nikasimama kumtazama muda mrefu kuliko adabu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama najua. Nikamwambia mkono wangu hauwezi. Akaniuliza nani kasema.

Akanipa kroshia niijaribu. Nikaipokea kwa kulia, kwa heshima, halafu nikaihamishia kushoto. Yeye akaona. Alikigeuza kigoda chake tu, tukawa tunatazamana uso kwa uso.

"Nifuate mimi kama unavyojitazama kiooni," alisema.

Miaka yote hiyo, na kilichotakiwa ni mtu kugeuza kigoda.

Sitaki kusema nilikuwa mwanafunzi hodari. Kitambaa changu cha kwanza kilikusudiwa kiwe mraba, kikatoka pembetatu, kwa sababu kila mwisho wa mstari nilikuwa nasahau kitanzi kimoja. Cha pili kilijikunja kikawa kama bakuli. Bi Hansa alikitia ndimu mbili na kukiweka jikoni kwake, akasema kina kazi yake. Wiki ya sita nikafuma duara iliyolala sawa juu ya meza. Nilishuka ngazi za nyumba yake nikitabasamu peke yangu.

Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Ijumaa Mama alikwenda Amani kwenye hitma ya jamaa yetu. Nikakitoa kitambaa chake kikapuni, nikakipeleka kwa Bi Hansa. Alikishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepokea mtoto wa mwenzake. Akanieleza polepole kwamba mama yangu amezunguka akielekea upande mmoja, na mimi mkono wangu unazunguka upande wa pili. Nikiendeleza, mishono yangu itaipa mgongo ya kwake. Kisha akaniuliza kama mwenyewe anajua. Nikamwambia hajui. Akakikunja akanirudishia, akasema nikaombe ruhusa kwanza.

Sikuomba.

Jana asubuhi, Mama akiwa amelala chumbani kwake, nilikaa nikafuma mzunguko mmoja. Bi Hansa alisema kweli. Mishono yangu ilikaa kama watu waliogombana na jirani zao. Nikaona bora nifumue yangu nirudishe vilevile, hakuna atakayejua. Nikavuta uzi. Uzi ni mweupe, wake mweupe, wangu mweupe. Nilikuwa nasikiliza huku jikoni maziwa yasimwagike, mkono unavuta tu, na nilipotazama chini kulikuwa na rundo la uzi uliojipinda kama nywele zilizotoka kufumuliwa mabutu. Mizunguko mitano ya Mama ilikuwa imekwenda. Ile mitano ya mwisho, yenye maua, aliyoifuma macho yakimuaga.

Nikasukumia kila kitu kikapuni nikafunika.

Leo baada ya sala ya adhuhuri Mama aliketi karibu na dirisha akavuta kikapu. Mimi nilikuwa sakafuni nachagua mchele. Nilimwona anaingiza mkono, anatoa kile kitambaa, vidole vinatembea ukingoni. Vikasimama. Vikarudi nyuma. Akaupata ule uzi uliosokotana, akauvuta mpaka mwisho wake.

"Nimekiharibu mwenyewe," alisema, taratibu, wala si kwangu. "Mikono nayo sasa hainisikii."

Nilinyamaza.

Hili ndilo linaloniuma zaidi kuliko uzi. Nilinyamaza, na si kwa sekunde moja. Nilichagua mchele sahani nzima. Ndani yangu kuna mtu aliyekuwa akiniambia, mwache aamini hivyo, tayari amekwisha kubali, utamuumiza mara mbili. Nikamtazama anavikusanya vile vidole vyake na kuviweka mapajani kama vitu visivyokuwa vyake tena. Nikaona kwamba kama nikinyamaza, mama yangu ataishi siku zilizobaki akiwa hana macho na pia hana mikono. Na mikono yake haijakosa kitu.

Nikaweka sahani chini. Nikasogea mpaka miguuni pake, nikamwambia ni mimi. Nikamwambia yote: Forodhani, kioo, Bi Hansa, Ijumaa, maziwa. Nilisema bila ya kupumua.

Mama aliuviringa ule uzi kidoleni. Kisha akaniuliza nimefuma kwa mkono gani.

"Wa kushoto," nikamwambia.

Akataka nimletee chochote nilichofuma. Nikaenda kuichukua ile duara iliyolala sawa. Akaipapasa kuanzia katikati, mzunguko kwa mzunguko, midomo ikihesabu. Nilikuwa nikingoja anikemee, na labda ningefurahi angenikemea. Badala yake akaanza kuniambia jambo nisilolijua.

Alisema zile siku tatu, nilipokuwa na miaka tisa, alikuwa akinisubiri niende chuoni kusoma Kurani, akafunga mlango, akashika kroshia kwa mkono wake wa kushoto ili ajue namna ya kunionyesha. Alijaribu asubuhi tatu. Hakuweza hata kufunga kitanzi. Watu walikuwa wakija kutoka mitaa ya Ng'ambo kujifunza kwake, na mwanawe mwenyewe akamshinda.

"Niliona haya, Raya," alisema. "Mimi ndiye nisiyeweza. Nikakwambia huwezi wewe."

Niliweka kichwa magotini kwake, naye akaniacha nilie. Hakuniambia nyamaza. Baadaye akanigusa sikio akasema mchele utapandwa na sisimizi.

Nimejaribu jioni hii yote kumkasirikia na sijafanikiwa vizuri. Kidogo ndiyo, nimekasirika. Miaka ishirini na tisa si michache, na mara ngapi katika miaka hiyo nimesema siwezi kabla mtu hajamaliza kuniuliza? Nilikataa kazi ya kufundisha. Nilikataa kujifunza gari. Sijui kama yote hayo yanatoka mkekani pale, pengine nataka tu pa kuyaweka. Lakini kila nikiutafuta ule uso wa mama mkali wa zamani, namwona mwanamke kijana amejifungia chumbani, anapigana na uzi kwa mkono usiomtii kwa ajili yangu.

Alasiri tulikaa pamoja kukishughulikia kitambaa. Mama alisema tusijaribu kurudisha maua. Tukafumua mpaka kwenye mzunguko wake wa mwisho uliokuwa mzima, mimi nikimwambia ninachokiona, yeye akikihakikisha kwa kidole. Uzi uliotoka aliuviringa yeye, mkono mwepesi, bila ya kosa. Halafu akachukua kroshia akafunga mwisho mwenyewe. Alikosa mara mbili. Mara ya tatu ukakaa. Kitambaa cha meza kimekuwa cha sinia, na Mama amesema sinia nalo linataka heshima yake.

Kisha akaniuliza nitamfumia nini yeye.

Nilidhani anatania. Akasema jagi lake la maji la kando ya kitanda halina kifuniko, na mara nyingi analitafuta kwa mkono akalimwaga. Anataka kitambaa cha duara, kidogo, kifumwe kwa mkono wangu huu huu, na ukingoni kitiwe shanga. Nikamuuliza shanga za rangi gani.

"Yoyote. Mradi ziwe kubwa," alisema, "vidole vizione."

Kesho nikitoka kazini nitapita Darajani kutafuta shanga kubwa. Kisha nitapanda kwa Bi Hansa, nimwambie ruhusa nimeipata, nimechelewa, lakini nimeipata.