Kumuita Kashindi kwa Kiingereza

Jumatatu, 3 Juni
Samaki wangu wa ndagala nimeanika, meza ya soko nimemwachia Mama Furaha, nimekimbia tena kwenye masomo ya Kiingereza. Tunasomea mu sebule ya mwalimu, hapa Kilibula. Miye ndiye mzee kuliko wote. Vijana wanatafuta kazi. Miye natafuta Kashindi, mtoto wa binti yangu Neema. Walihamia ng'ambo angali mdogo, sasa iko na miaka minane na Kiswahili kimemtoka kabisa. Akipiga simu tunaangaliana tu. Inaniuma.

Jumatano, 5 Juni
Kila mtu achague neno la nyumbani, atunge sentensi. Nimechukua "husband". Kashindi amebeba jina la mume wangu, marehemu mzee, na tangu azaliwe namuita bwana yangu, sawa na nyanya yeyote wa hapa. Zamani alikuwa ananijibu: "Muke wangu, umenipikia nini?" Mzee alipokufa, nilibaki na huyu wa kumuita hivyo.
"My husband is eight years old." Mwalimu amecheka mpaka akapangusa macho. Halafu akaandika kwa Kifaransa: juste, ni sawa. "I miss my husband." Juste.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemtumia Kashindi sentensi zangu kwa sauti. Nimerudia mpaka ulimi ukachoka. Ameisha kuzisikiliza, naona alama. Nina furaha ya kijinga.

Jumapili, 9 Juni
Hakupiga. Jumapili ndiyo siku yetu. Nimekaa na telefone mapajani tangu kutoka kanisani.

Jumatatu, 10 Juni
Neema amepiga, peke yake. Kumbe mtoto alifungulia sauti yangu mbele ya wenzake. Wamemcheka mpaka akalia. Mmoja akaenda kusema kwa mwalimu wao, Neema akaitwa shuleni kuulizwa huyu nyanya ni muntu wa namna gani. Mimi. Nyanya wa namna gani.
"Mama, huku hawaelewi utani wetu. Usimuite vile tena. Ni yeye mwenyewe amekataa."
Nimesema sawa. Nina hasira, na sijui ya nani.

Alhamisi, 13 Juni
Sikuenda masomo. Mama Furaha ameuliza: weye unaumwa? Nimesema ndiyo. Nimemlilia mzee upya, kama vile tumemzika jana. Mtoto hana kosa. Lakini neno lile nimelisema tangu ujana wangu. Sasa nitamuambia nani?

Jumamosi, 15 Juni
Nimepita kwa mwalimu, nimemueleza yote. Hakucheka. Amenifundisha "grandson". Neno la kwenye karatasi za serikali. Hakuna nyanya wa hapa anayemuita hivyo mjukuu wake.

Jumapili, 16 Juni
Kashindi amepiga. Amerefuka, na amenyolewa vizuri. Nikasema: "My grandson, how are you?" Akakaa wima, kama mbele ya mgeni. "I am fine, thank you. And you?"
"I am fine."
Sikukosea hata neno moja. Neema amenisifu. Mtoto akangoja kidogo kuona kama kuna neno lingine, halafu akamrudishia mama yake telefone.