Ukurutu Wangu na Mayai Yako, Mama

Kwako Mama, mamake Mwadime na nyanyake Wakesho,

Wakesho wako alikuwa anawashwa. Usishtuke huko uliko, wala usianze kutafuta mtu wa kumlaumu, maana nakujua. Alikuja nyumbani Voi miezi mitatu iliyopita kutoka Wundanyi, anakopiga chapa katika ofisi za serikali, na alikuwa amekonda hadi nikamwuliza kama huko juu kumeingia njaa. Akakunja mikono ya blauzi akanionyesha. Mikunjo ya viwiko ilikuwa myekundu na imechubuka kwa kucha, na shingo vivyo hivyo. Kisha akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa, "Mama, nimeacha maharagwe, nimeacha samaki, nimeacha njugu, nimeacha nyama. Nakula uji tu, na bado."

Nilicheka, Mama. Nilicheka nikakaa chini sakafuni, yeye akinitazama kama mtu anayefikiria kumwita jirani. Halafu nikalia kidogo. Na sasa nakuandikia wewe, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeelewa kicheko kile kilitoka wapi.

Unakumbuka nilivyokuwa mimi? Mwanao Mwadime, mume wangu, alikuwa fundi wa reli, tukapewa chumba kimoja katika landi, zile nyumba za wafanyakazi, mabati juu na joto kila upande. Mimi nimelelewa milimani, nimezoea ukungu na maji ya baridi. Voi ilinipokea vibaya. Jasho likichanganyika na lile vumbi jekundu shingoni, nawashwa mchana kutwa. Nilipomwachisha Wakesho ziwa mambo yalizidi. Viganja vilikauka vikawa kama ganda la muhogo, vidole vikapasuka na kutoa maji, na nikikunja ngumi ngozi inachanika. Nikawa namwinua mtoto kwa viwiko ili nisimkwaruze.

Ndipo ukateremka kuja kumwona mjukuu. Ulikuja na kikapu cha mayai yaliyofunikwa kwa majani ya migomba, ukaketi, ukampakata mtoto, ukanitazama mikono nilipokuwa namimina chai. Ulimaliza kikombe kwanza.

"Mama Wakesho, hii ni nini?"

"Upele tu, Mama. Una miezi minne sasa, utapita."

"Upele gani huu wa miezi minne?"

Asubuhi yake ulimfunga mtoto mgongoni ukaondoka naye. Mwanao alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaniambia, "Ni kwa muda tu." Haki ya Mungu, mpaka leo mtu akiniambia kitu ni cha muda tu, roho inanipanda. Wakesho alikuwa na mwaka na nusu. Alinyoosha mikono kwangu juu ya bega lako, nami nikaficha yangu nyuma kwa aibu. Ulikuwa umesema mikono ikitakata nitampata mtoto wangu, isipotakata atakulia kwako.

Sasa hayo masharti yako! Maharagwe usile, yanachafua damu. Samaki usile, wanaleta muwasho. Njugu usile, nyama usile, kunde ndio kabisa usiziangalie. Nile uji na mayai nipate nguvu, na mayai hukukosa kuyaleta. Kila wiki utingo wa basi la Wundanyi alinikabidhi kikapu na salamu zako. Na kuoga, asubuhi na jioni, kwa maji ya moto yenye chumvi na mche wa sabuni ya kufulia, kisha nijisugue kwa lile fundo la nyuzi za katani ulilolisokota mwenyewe, mpaka uchafu utoke. Nilijisugua, Mama! Nilijisugua nikauma meno. Kila nikiona damu nilisema afadhali, uchafu unatoka.

Krismasi tulipanda kuja kwako. Ulinipakulia kwenye sahani yangu peke yangu, bati lenye ukingo wa buluu, na wengine wote wakala pamoja. Hukunitukana. Ulinisogezea mchuzi, ukaniuliza kama chumvi imetosha. Lakini nilipomwita Wakesho aje mapajani, ulisema taratibu, "Usimguse kwanza." Na mtoto naye wala hakuja. Alijificha kwenye kanga yako akanichungulia kama mgeni. Siku ile, njia nzima ya kuteremka, sikumsemesha mwanao neno hata moja, naye anajua kwa nini.

Baada ya hapo nilikwenda zahanati. Ulikuwa umenikataza, kwa kuwa uliogopa wataniandika ugonjwa mbaya na jina letu litazagaa mjini. Nilikwenda hivyo hivyo. Kulikuwa na dresa mmoja mzee, mfunga vidonda wa pale, miwani yake imefungwa kwa uzi sikioni, mtu wa kuongea polepole. Alinishika mikono yote miwili bila kuogopa. Miezi mingapi nilikuwa sijashikwa mikono na mtu! Akaigeuza, akanusa.

"Mafuta ya taa haya?"

Nikamwambia ndiyo, ovaroli za mume wangu zina grisi ya reli, haitoki bila mafuta ya taa. Akaniuliza naoga na nini, nikamweleza maji ya moto, chumvi, mche wa sabuni, katani. Dresa akavua miwani.

"Mama, wewe unajikwangua kama sufuria iliyoungua. Huu si ukoma. Ni ukurutu. Hauambukizi. Hata ukimkumbatia mtoto kutwa kucha, hapati kitu kwako."

Nililia pale pale kwenye benchi, mbele ya watu wa sindano. Yule mzee akaningoja nimalize. Akanieleza kwamba ngozi yangu ni kavu na ina hasira za haraka, na kila mwenye ukurutu ana vichokoo vyake. Mwingine jasho, mwingine sabuni kali, mwingine nguo inayochoma, na mawazo nayo huuamsha. Nikamwuliza habari ya chakula.

"Chakula ni kwa baadhi yenu, si wote," akasema. "Lakini wewe umefukuza karibu vyote, sasa utamjuaje mwenye kosa? Kaa na uji mtupu kwanza, hata mayai yaache, kisha rudisha kimoja kimoja. Kila kimoja kipe siku nne, ukiangalia ngozi. Kisichokuchokoza, kula, usijiue kwa njaa."

Alinipa dawa ya kupaka mahali palipochachamaa, na akaniambia nipake mafuta mazito yasiyo na manukato kila nikitoka kuoga, maji yawe ya vuguvugu, ngozi ingali na unyevu. Nikarudi nyumbani, nikatia katani yako motoni. Ilinuka vibaya, nami nikafurahi.

Mafuta ya taa dresa alinikataza kabisa, kwa hiyo ovaroli nilimwachia mwenyewe. Laiti ungemwona mwanao amechutama bombani anafua, wanaume wote wa landi wakimpigia mbinja na kumwita bi harusi! Hakujibu. Alifua, akaanika, na Jumamosi iliyofuata akafua tena. Siku hizo ndizo nilizoanza kumsemesha vizuri.

Nilianza na maharagwe. Nikapika kimanga, muhogo na maharagwe vilivyopondwa vizuri na mafuta kidogo, nikala huku nikijitazama mikono kama mtu anayesubiri bomu. Siku nne, kimya. Nikaleta samaki wa ziwa Jipe, wale wanaotoka upande wa Taveta. Kimya. Njugu, kimya. Kunde zako za kuchafua damu, kimya! Mianya ya vidole ikaanza kufunga. Mwili ukarudi. Jirani yangu Mama Mutua, Mkamba wa watu asiyeficha kitu, akaniuliza kama nina mimba.

Mayai niliyaweka mwisho, kwa kuwa sikuwa na wasiwasi nayo. Nikala mawili ya kuchemsha. Saa haikwisha, kope zikaanza kuwasha, midomo, shingo, na kesho yake viwiko vilikuwa vinawaka moto. Nikasema labda ni joto. Nikapona, nikangoja wiki mbili, nikala moja tu. Yale yale.

Mayai yako, Mama! Katika vyakula vyote alivyoumba Mungu!

Sasa nikuambieje? Mkaza mwana gani anayemwambia mama mkwe kwamba zawadi yake ya kila wiki ndiyo inayomchoma? Nikawa nampa Mama Mutua kikapu kizima, na kwako narudisha salamu kwamba mayai yamefika, ahsante sana, matamu. Watoto wa Mama Mutua walinenepa mashavu. Ulipata furaha, ukaongeza idadi.

Hata siku ukaja bila taarifa, umemshika Wakesho mkono, ukapita mlangoni kwa Mama Mutua ukamkuta anakaanga, kikapu chako kiko kando ya jiko. Uliingia kwangu umefura.

"Kwa hiyo mayai yangu ni ya kulishia majirani?"

Mdomo wangu unaujua. Nilikusudia kukupa soda kwanza na kuzungusha maneno. Badala yake nikasema yote kwa pumzi moja. "Mama, mayai yako yananichoma. Na ile katani yako ilinichuna. Na sabuni, na chumvi. Nimeacha vyote ulivyoniambia nifanye na ninakula vyote ulivyonikataza. Tazama!" Nikakunyooshea mikono. Ilikuwa mizima. Alama zilikuwepo, ngozi mpya ya waridi hapa na pale, lakini mizima.

Nilingoja unitukane. Hukunitukana. Ulikaa kitandani, ukaivuta mikono yangu ukaiweka mapajani mwako, ukapitisha kidole gumba kwenye kila mwanya. Ndipo ukaniambia habari za dada yako, ambaye mwanao mwenyewe hakuwahi kumsikia. Vidole vyake vilianza hivyo hivyo, ukasema, vikaishia kukatika, na baba yenu akamjengea kibanda mwisho wa shamba. Wewe ndiye uliyempelekea chakula. Ulikiweka juu ya jiwe, ukarudi nyuma, ndipo yeye akaja kuchukua.

"Sikumshika tena mpaka akafa," ukasema. "Nilipoona mikono yako niliona jiwe lile. Nikasema Wakesho hatawekwa kule."

Niliinuka nikainjika sufuria. Nikasonga ugali. Nilipotaka kukupakulia peke yako ulisema, "Weka sahani moja." Ukanawa, ukaketi chini nami, nilipomega ukamega pale pale nilipotoa vidole vyangu. Wakesho alikuwa nyuma ya mlango, ametia kidole mdomoni. Alikutazama ukila. Akaja hatua moja, akaja nyingine, akasimama mbele yangu akafungua mdomo. Nikafinya tonge dogo, nikachovya mchuzi, nikamlisha kwa mkono wangu. Akatafuna, akaufungua tena. Kesho yake ulipanda basi peke yako.

Basi Mama, turudi kwa huyu wa sasa. Nilimweleza Wakesho maneno ya dresa kama yalivyo. Nilimpikia maharagwe siku ile ile, akala sahani mbili. Tukamrudishia vyakula kimoja kimoja, mayai tukayapa siku zake, hayakumfanya kitu, anayala kama mchwa. Chakula chote hakina kosa kwake. Tukaangalia sabuni, tukaangalia maji ya kuoga. Alikaa hapa wiki tatu za likizo akapona kabisa, akarudi Wundanyi akawashwa tena. Nikapanda mwenyewe kwenda kuona anaishi vipi. Asubuhi, baridi ya kule unaijua, akavaa kwenda kazini, nami nikasimama nikamkodolea macho.

Ilikuwa sweta. Sweta nene ya sufu, shingo ndefu, mikono inayobana. Sweta niliyomfumia mimi, miezi miwili nikiwa nimejikunja juu ya sindano, nisitake mwanangu apigwe na baridi! Kila ilipomgusa ndipo ukurutu ulipo. Alikuwa akiona inamwasha, akanyamaza asinivunje moyo, akaacha maharagwe badala yake.

Nilikaa kitandani kwake kama ulivyokaa kwangu. Nikamwuliza, "Umenichukia?"

"Kwa sweta?" akasema, akacheka, akaivua. Siku hizi anavaa shati la pamba ndani na sweta nyepesi juu, anajipaka mafuta yake, na ameniandikia juzi kwamba viwiko vimelainika. Nimeisoma barua ile mara tatu. Mzigo umenitoka kifuani, Mama. Hakuna mtu aliyechukuliwa mtoto wake, hakuna aliyelishwa kando.

Na wewe uliniuliza swali lile lile. Ilikuwa wiki yako ya mwisho, nakukanda miguu kwa mafuta, hukutaka mtu mwingine akushike. Ukaniuliza, "Ulinichukia, Mama Wakesho?" Nami nikakujibu, "Geuka huku, mafuta yatakauka." Uligeuka. Hukuuliza tena, na Jumapili tukakuzika.

Ndiyo, Mama, nilikuchukia. Miezi saba mizima, hata kikapu chako kikifika nilikipiga teke kabla ya kukifungua. Na chuki iliniisha siku uliyosema weka sahani moja, ikaisha yote, haikubaki hata chembe. Nilipaswa kukuambia ungali unanisikia. Lakini wakati ule nilikuwa sijafuma sweta bado, sikujua anayeuliza vile anangoja nini.

Lala salama, Mama. Miguu yako niliipenda.

Mkaza mwanao,
Mama Wakesho