Boriti Moja Tu Ndiyo Imenyooka

Alhamisi. Joto, na vumbi ya makamyo ya mugodi imejaa hata ndani ya chumvi. Mi leo sikai, sisimami. Ninazunguka parseli, kiwanja changu, kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga.

Banaosoma hapa bananijua. Mi ni mama ya Ngalula, ule musichana anayepasua mbao kule Fungurume katikati ya banaume, na hao banaume banamwita chef. Mi niliishia darasa la sita, lakini tumbo hili lilizaa fundi. Mutu asikasirike, ni kweli.

Mugodi unakula kartie yetu, mutaa muzima. Jumatatu buldoza inafika. Majirani bamekwisha kuondoka na mabati yao, milango yao, boriti zao. Imebaki nyumba yangu, ya Mama Kabwe, na mulombwa wetu. Marehemu mume wangu alikataa kukata ule muti tulipojenga. Muti mwekundu, mugumu, muchwa hauuwezi. Tukiuacha, buldoza itausukuma mu shimo. Tukiupasua, ni paa na bitanda kule banakotupeleka.

Kwa hiyo Ngalula alikuja, tukaenda soko kuchagua tronsonezi, musumeno wa moteri. Mi niliona moja nyekundu, mupya, bapa yake ya munyororo ndefu kama muguu wa mutu. Bamama ba robinet, pale tunapochota maji, nilikwisha kubaambia: mutoto wangu atapasua na ile! Ngalula akavuta kamba yake polepole, bila kuwasha, anasikiliza.

"Maman, hii ni sura tu. Moteri kidogo, bapa ndefu. Mu mulombwa itachoka mbele ya saa sita."

Akachukua ingine ya zamani, rangi imetoka yote. Ukivuta kamba, inakataa mukono. Hapo ndipo nguvu iko, anasema. Niliifunika na kitenge changu njia yote. Bure. Mama Kabwe aliiona tu.

"Mama Ngalula, ile mupya iko wapi? Ama huyu ni nkambo, bibi yake muzee?"

"Ndiyo, nkambo! Na bado ana meno!"

Meno ya munyororo ndiyo yaliniuwa roho. Jana kutwa Ngalula alikaa chini na tupa, jino moja moja. Yametengenezwa kwa kukata muti upande, yamelala; yeye anataka kupasua kwa urefu, basi lazima yasimame karibu sawa. Mi nilitaka kusikia kelele! Anza basi, mutoto. Akaniambia nikimuharakisha, mbao zitatoka kama nyoka.

Leo asubuhi aliangusha muti. Akafunga kadre, fremu ya chuma, kwenye tronsonezi. Ile kadre inateleza juu ya boriti iliyopigiliwa kwenye shina, na kama boriti imepinda, ubao wa kwanza unapinda, na zote zinazofuata. Tulitafuta boriti iliyonyooka kartie nzima. Chache zilizoachwa zote zimepinda.

Halafu akaingia mu chumba changu, akatazama juu, boriti ya paa.

Nilijua kabla hajafungua kinywa.

"Maman, ni ile tu."

Nikasema hapana. Kuitoa ni kutoa mabati, na nyumba bila paa ni kuhama. Mi niliambia kila mutu kwamba nitakuwa wa mwisho, buldoza itanikuta ninapika bukari, ugali wetu. Si majivuno tu. Miaka ile kompanyi ya mugodi ilianguka na sisi ba kutoka Kasai tukafukuzwa, watu balipiga kelele kwenye mulango wetu, tukatoka na sufuria moja na Ngalula mu mugongo. Tuliporudi, paa ilikuwa imeibwa. Niliapa hakuna mutu atakayefunua tena kitanda changu.

Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Ngalula hakunisukuma. Alikaa juu ya shina tu, anangoja, utomvu mwekundu unatiririka chini ya miguu yake.

Jumatatu watu bengine batang'oa paa hii.

Basi nilipanda mwenyewe, na umri huu, nikatoa musumari wa kwanza.

"Mama Ngalula, utaanguka!" Mama Kabwe analia chini.

"Nikianguka, ninaangukia kitanda changu!"

Sasa jua linazama. Boriti iko juu ya shina, Ngalula ameipima na uzi: imenyooka. Alfajiri anawasha. Je, munyororo utauweza mulombwa? Sijui. Nimetandika godoro pale pale, na juu yangu ni mbingu tupu, na huu ni mwezi wa mvua kuanza.

Ikinyesha, inyeshe. Paa hii nimeing'oa mi.