Ufagio Juu ya Kenchi

Moorhagen,
14 Oktoba 1951

Mpendwa mdogo wangu Eilert,

Pokea salamu za dada yako Wiebke, tena nyingi. U hali gani huko Brazili? Kifua kimepoa, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Mama hajambo, ila goti linamsumbua baridi ikiingia. Sisi wengine tu wazima wa afya.

Barua yako ya Julai ilifika. Mama amemsomea kila jirani, hata wasiotaka.

Sasa sikia vituko vya kaka yetu Dierk. Tangu awe mbunge wa jimbo, seremala wetu anavaa suti nyeusi na kupanda treni kila Jumatatu kwenda Hannover. Kazi anaifanya kweli. Ndiye aliyepigania nyumba za wakimbizi wa mashariki, waliokuwa wakilala kwenye mabanda ya jeshi tangu vita viishe. Ninamjivunia, ingawa simwambii, asije akavimba kichwa kofia ikamkataa.

Lakini alifanya kosa ambalo hata mwanagenzi wake asingelifanya. Nyumba hizo zinajengwa hapa kwetu, naye aliagiza karamu ya mafundi wanapomaliza kenchi ifutwe, fedha zinunue majiko ya wakimbizi. Nia njema, sikatai. Ila mila unaijua: mafundi wakinyimwa bia na soseji, hawaweki shada la matawi juu ya paa, wanapandisha ufagio, ili kila mpita njia ajue mwenye kazi ni mchoyo. Watu wakaanza kusema Dierk ameacha mbachao kwa msala upitao.

Jumamosi aliposhuka kwenye treni, mimi na wifi Almuth tulikwenda naye kuziona nyumba. Ufagio huo, umesimama juu kabisa! Mzee Hinnerk, aliyefanya naye kazi tangu ujana, alikuwa amekaa juu ya mbao, mikono kifuani.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema. "Angalia tope lisikuchafulie viatu."

Mafundi wengine hata salamu hawakuitikia. Eilert, uso wa kaka ulipauka. Akaninong'oneza, "Wiebke, kama hawa wamenikataa, kiti cha bunge nakirudisha Jumatatu." Unamjua, hatanii.

Kisha akavua koti, akapanda ngazi na suruali yake ya bungeni. Ikachanika nyuma, praa! Wanawake wakaangua kicheko. Yeye hakugeuka. Aliung'oa ufagio, akasimama kwenye boriti.

"Nimekosa, jamani! Nimesahau jasho lenu. Almuth, lete lile paja la nguruwe!"

"La Krismasi?" wifi akapiga kelele kutoka chini. "We Dierk, umerukwa na akili?"

"Lote!"

Likaletwa, na bia akanunua mwenyewe, na wakimbizi wakaongeza sufuria za supu ya viazi. Akalipigilia shada kwa mkono wake, akanywa glasi yake kule juu, akaitupa chini ivunjike, kama desturi. Ikavunjika vipande vipande, ndiyo bahati njema ya nyumba. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka.

Aliposhuka hakujua akae wapi. Mzee Hinnerk akasogea kwenye benchi.

"Kaa hapa, Dierk, ule. Halafu Jumatatu uwahi treni yako. Mabandani bado kuna watu, na sisi nyundo tunazo."

Kaka akakaa, akalia mbele ya watu wote, mdomo umejaa nyama.

Msalimie mkeo Hedwig na watoto. Almuth anakusalimu huku akishona suruali na kununa. Mama anakuombea Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe siku moja tukuone.

Wako akupendaye, hata ukichelewa kujibu,
Dada yako Wiebke