Vigingi Vyekundu vya Mteremkoni

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu za mjomba wako. Natumaini hayo masomo ya mimea hayajakukondesha. Sisi huku wazima, mama yako anakohoa kidogo tu, na goti langu limepona kabisa. Juzi nimewapita vijana wawili mlimani nikiwa na mfuko wa saruji begani. Waulize, ingawa watakataa.

Injinia wa barabara alikuja kwenye ule mwamba wa mchanga, nikampokea kama mwenyeji. Nikamweleza kwamba maua yako huota kwenye nyufa za jiwe lile tu, huchanua kwa siku tisa tu baada ya mvua, kisha yanabaki matunguu kama vitunguu chini ya ardhi, hujui hata kama yapo. Nikasema moja lilinifika kifuani. Akacheka, akasema mzee, hilo si ua, ni mgomba. Lakini alipoviona vile vigingi vyekundu arobaini ulivyoniachia nipigilie penye maua, aliamuru barabara ihame kutoka mteremkoni, ipite juu, mgongoni mwa mwamba. Mtaa mzima ukanipongeza.

Sasa mwanangu, nikwambie ukweli. Zile siku tisa za maua sikupanda mlimani. Goti lilivimba kama boga, nikaona haya kukwambia. Nilipoweza kujikongoja, maua yalikuwa yamekwisha, hata jani hakuna. Nikavipigilia vigingi pale chini mteremkoni, penye urahisi, nikakuandikia kwamba kazi imekamilika. Jana vibarua wamechimba shimo la majaribio kule juu, wakatoa matunguu saba yenye maganda mekundu, vilevile ulivyonichorea. Maua yako yako kule, na barabara nimeielekeza mimi.

Nilimpelekea injinia matunguu hayo ndani ya kofia. Akasema vitunguu anavijua, na kwamba juzi nilimwapia maua yapo mteremkoni. Mama yako naye akauliza, kaka, kusema kweli umeanza lini? Tingatinga linaanza Jumatatu.

Matunguu nimeyarudishia udongo. Barua hii nampa dereva wa basi aifikishe leo hii. Njoo, na kama huwezi, mwandikie injinia kwa mkono wako kwamba mjomba wako ni mwongo. Mimi nimeshamwambia, hakuniamini. Wewe atakuamini.

Wasalimie wenzako wa chuoni. Usiwaeleze habari za goti.

Ni mimi,
Mjomba wako